Daktari Williamson na Almasi za Mwadui

Bila shaka umesikia habari za Mwadui. Mwadui iko katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Hapo pana mgodi mkubwa wa almasi. Je, nani alivumbua almasi hizo? Alizivumbua kwa bahati tu, au kwa maarifa? Soma habari hizi, kisha jadilianeni darasani.

Kijana wa Kanada

John Williamson alizaliwa Kanada mwaka 1907. Alipoingia chuo kikuu alitaka kuwa mwanasheria. Baadaye alikwenda Labrador, nchi yenye baridi kali, katika safari ya kuchunguza miamba. Aliipenda kazi hiyo. Aliacha sheria, akajifunza elimu ya miamba. Mwaka 1933 alipata shahada ya udaktari. Udaktari huu si wa kutibu watu. Ni shahada ya juu sana ya elimu.

Kuja Afrika

Williamson alikuja Afrika kufanya kazi ya kuajiriwa. Kwanza alifanya kazi Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kisha alikuja Tanganyika, akafanya kazi na kampuni iliyochimba almasi huko Mabuki, Mkoa wa Mwanza. Almasi za Mabuki zilikuwa chache. Kampuni ikaamua kuacha kazi.

Williamson hakuondoka. Aliamini kwamba katika nchi ya Usukuma pana mahali penye almasi nyingi zaidi. Akaendelea kutafuta kwa juhudi zake mwenyewe. Fedha zilikuwa haba. Aliugua malaria. Mwanasheria mmoja wa Mwanza, Bwana I. C. Chopra, alimsaidia kwa fedha na kwa mambo ya sheria.

Mawe madogo ni dalili

Almasi hufanyika chini sana ardhini, penye joto kali na mgandamizo mkubwa. Zamani za kale, mlipuko wa volkano uliileta juu pamoja na mwamba uitwao kimbalaiti. Mwamba huo hukaa ardhini kama bomba kubwa lililosimama wima. Mvua huumomonyoa mdomo wa bomba, na mawe yake madogo husambaa.

Almasi ni adimu. Lakini kimbalaiti ina mawe mengine yaliyo mengi zaidi, kama garneti, yenye rangi nyekundu. Mtaalamu huchukua udongo, huuosha, huuchekecha, na kuyatafuta mawe hayo. Yakizidi kuonekana, anajua kwamba anakaribia bomba. Ni kama mchungaji anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Hamwoni ng'ombe, lakini nyayo zinamwonyesha njia.

Almasi yapatikana

Mwezi Machi mwaka 1940 Williamson alipata almasi Mwadui. Watu husimulia hadithi nyingi juu ya siku hiyo, nazo zinatofautiana. Lililo hakika ni kwamba alikuwa ametafuta kwa miaka kadhaa. Bomba la Mwadui ni kubwa mno. Eneo lake juu ya ardhi ni kama hekta 146.

Mwaka 1947 almasi moja ya rangi ya waridi ilipatikana hapo. Ilikuwa na uzito wa karati 54 na nusu, yaani karibu gramu 11. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo.

Williamson alifariki Mwadui mwezi Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka huo mgodi uliuzwa. Nusu ilichukuliwa na kampuni ya De Beers, na nusu na serikali ya Tanganyika.

Tufikirie jambo hili

Wasukuma walilima na kuchunga katika nchi hiyo muda mrefu kabla ya Williamson kufika. Walikanyaga udongo ule ule. Lakini serikali ya kikoloni ndiyo iliyotoa hati za kuchimba. Mwenye elimu na hati akawa tajiri. Wenyeji wakawa vibarua wake.

Leo mambo ni tofauti. Madini ni mali ya Taifa. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo hupewa raia wa Tanzania. Leseni hiyo ni ya miaka 7, na huweza kuhuishwa. Lakini hati bado ni hati. Ikiwa unachimba dhahabu Geita au almasi Shinyanga, fanya hivi:

1. Nenda ofisi ya madini ya mkoa, uulize habari za leseni.
2. Soma mwenyewe jina, mipaka na tarehe ya mwisho.
3. Usiweke dole gumba wala sahihi kwenye mkataba usiousoma.
4. Uza madini katika soko la madini, upewe stakabadhi. Itunze.

Jembe na sururu huchimba jiwe. Kusoma hukulinda usinyang'anywe jiwe hilo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Williamson hakuondoka kampuni ilipoacha kazi?
2. Garneti humsaidiaje mtafuta almasi?
3. Katika kijiji chenu, nani ana leseni ya kuchimba? Mmewahi kuisoma?