Treni haijawahi kupanda Lushoto, ila bustanini kwako itapita

LUSHOTO, TANGA. Kama wewe ni mtu wa soka na una simu yenye bando, bila shaka umeshakutana na video ya ule uwanja wa Slovakia. Mechi inaendelea, mashabiki wamekaa jukwaani, halafu treni ya moshi inakatiza katikati ya jukwaa na uwanja. Wachezaji hawashtuki, mwamuzi hapulizi filimbi, na moshi ukitawanyika kipute kinaendelea.

Ule ni uwanja wa Tatran Čierny Balog, timu ndogo ya kijijini. Umaarufu wake haukuletwa na kombe wala staa, umeletwa na reli.

Reli yenyewe ilianza kazi 1909 kwa ajili ya kubeba magogo kutoka msituni. Mwaka 1982 ikafungwa, na ilikuwa kidogo tu ing'olewe iwe vyuma chakavu. Watu wakajitolea, wakaifufua kipande kwa kipande, na 1992 ikarudi kubeba abiria. Leo watalii wanapanda na timu inajulikana dunia nzima.

Sasa turudi nyumbani. Usambara nako kulikuwa na reli ya aina hiyo hiyo. Ilitoka Tengeni, ikaingia msituni mpaka Sigi, chini ya Amani, kufuata mbao. Upana wake, yaani nafasi kati ya chuma na chuma, ulikuwa milimita 750. Ile ya Slovakia ni milimita 760. Tofauti ni sentimita moja tu.

Tofauti kubwa ni kilichofuata. Reli ya Sigi haipo tena. Iliyobaki ni nyumba ya mkuu wa stesheni, ambayo leo inapokea wageni wa hifadhi ya Amani. Vijana wengi wa Tanga wanaoweza kukutajia kikosi cha Coastal Union kilichotwaa ubingwa wa Bara 1988 hawajui kama treni iliwahi kuingia kwenye msitu ule.

MLIMA ULIOISHINDA TRENI

Lushoto yenyewe haijawahi kuonja treni. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga 1893, wakafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Mombo ndiyo ilikuwa mwisho wa raha kwa anayekwenda Lushoto. Ukishuka pale, kilichobaki ni barabara ya kona juu ya kona.

Piga hesabu uone sababu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na unapanda karibu mita 1,000. Hiyo ni wastani wa mita 3 kwa kila mita 100. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, hivyo treni ya mizigo inataka mwinuko wa mita 2 au chini ya hapo kwa kila 100. Ili kuipandisha ungelazimika kuizungusha milimani kwa kilomita 50 hivi, huku ukichimba mwamba. Ndiyo maana mbao za Shume ziliteremshwa hadi Mkumbara kwa nyaya za kuning'inia hewani, sio kwa behewa.

Mlima huo huo ndio unaozipa klabu zetu sababu ya kuja kuweka kambi huku. Simba walikuja Lushoto 2015 wakiwa na kocha Dylan Kerr, kujiandaa na msimu. Hewa ya baridi na vilima vinavyotoa jasho ni zawadi kwa kocha wa viungo. Kwa mhandisi wa reli ni balaa.

KIPIMO KILEKILE CHA TANGA

Kuna njia moja ya kuileta treni Lushoto bila kuchimba mwamba: kuijenga ndogo, nyuma ya nyumba.

Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, mji wa 1. FC Nürnberg, ilileta sokoni treni ndogo za bustanini zinazoitwa LGB. Reli zake ni za shaba nyeupe, zinavumilia mvua na jua, na upana wake ni milimita 45. Treni nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa kupunguza kitu halisi mara 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata milimita 1,012, yaani mita moja na kidogo. Upana wa reli ya Tanga ni mita moja.

Kwa hiyo reli hiyo ya bustanini ni reli ya Tanga iliyopunguzwa, karibu milimita kwa milimita.

Kwa kipimo hicho hicho, uwanja wa mita 105 kwa 68 unakuwa mita 4.67 kwa 3.02. Goli linakuwa na upana wa sentimita 32 na nusu, na urefu wa sentimita 11. Beki wa mita 1.80 anabaki sentimita 8, na mpira unakuwa kama punje ya njegere. Reli ya kuuzunguka uwanja huo ni kama mita 17. Ukiwa na kiwanja cha kawaida cha nyumba, hapo una Čierny Balog yako.

Na usidhani ni mambo ya watoto tu. Rod Stewart, mwanamuziki na shabiki wa kufa wa Celtic, alitumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji mzima wa treni ndogo ndani ya nyumba yake Los Angeles. Ni mtu huyo huyo aliyejitengenezea uwanja wa mpira nyumbani kwake Uingereza.

KAZI INAANZA NA PIMAMAJI

Anayejenga kwenye mteremko wa Lushoto anakutana na tatizo lile lile la Wajerumani, na lile lile la kila timu ya mtaani huku: kupata sehemu tambarare. Dawa yake wakulima wa Kisambaa wanaijua, ni matuta ya ngazi. Kata ngazi, jenga ukuta mdogo wa mawe, shindilia udongo, ndipo ufikirie reli.

Kisha shika sheria mbili. Ya kwanza, mwinuko usizidi sentimita 3 kwa kila mita. Ukitaka treni ipite juu ya reli yake yenyewe kwa daraja, unahitaji nafasi ya sentimita 25 hivi, yaani zaidi ya mita 8 za kupanda taratibu. Ya pili, kona zisiwe kali. Kutoka katikati ya kona hadi kwenye reli, sentimita 60 ni mwisho kabisa. Mita 1.2 ni salama zaidi, hasa kwa mabehewa marefu.

Chini ya mataruma weka kokoto ndogo, ili maji ya masika yapite yasibebe reli. Acha mfereji upande wa juu wa mlima. Umeme wa kupitisha kwenye reli unasumbua majani na matope yakitanda, hivyo betri ndani ya kichwa cha treni ni uamuzi wa busara.

Bei ya kichwa cha treni kutoka Ulaya ni ya kukutoa machozi. Lakini mafundi seremala wa Lushoto wapo, mbao zipo, na mchomeleaji wa vyuma hakosekani. Vyuma bapa viwili, mataruma ya mbao, na kipande cha mti cha milimita 45 cha kuhakikisha upana haubadiliki popote. Gurudumu liwe na ukingo upande wa ndani ili lisiruke. Treni ya kusukuma kwa mkono inatosha kwa kuanzia. Mtoto anayeweza kusuka mpira wa chandimu kwa mifuko na kamba hashindwi kuunda behewa.

Reli ya Slovakia iliokolewa na watu wa kawaida waliokataa kuona vyuma vikiuzwa chakavu. Ya Sigi haikupata watu hao. Treni ya abiria kutoka Dar hadi Moshi nayo ilikaa kimya zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi Desemba 2019, na katika muda huo watoto wa Mombo walikua bila kuona abiria akishuka stesheni kwao.

Kitu kisichochezewa na watoto husahaulika haraka, na watu wa soka tunalijua hilo kuliko wengi. Uwanja usiochezwa huota nyasi, mwisho mtu hupanda mahindi. Mita 17 za reli kuzunguka kiwanja cha chandimu haziwezi kuirudisha reli ya Sigi, ila zitamfanya dogo wa Lushoto aulize treni hiyo ilipita wapi, na kwa nini haipo.