Mwaridi wa Kutambaa na Hewa ya Pwani

Leo twataka kueleza habari za mwaridi. Hapa Mwananyamala, kama pwani yote, watu hulipenda waridi hata jina lake limekuwa jina la rangi. Lakini wengi husema kwamba mti wenyewe ni wa nchi za baridi, kwa hiyo huupanda bila tumaini, nao ukifa hawaulizi sababu. Yafaa tutazame kwanza asili yake.

Mashariki ya Bukini, yaani Madagaska, kuna kisiwa cha Réunion ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Wakulima wa huko walizungushia mashamba yao ua wa miwaridi ya namna mbili. Mmoja asili yake ni China. Huo huchanua mara kwa mara. Wa pili ni wa ukoo wa Dameski, ndio ukoo ambao maua yake hufanywa marashi katika Jabal Akhdar, Oman. Chavua ya mmoja iliangukia ua la mwenzake, na mche mpya ukaota. Nicolas Bréon, Mfaransa aliyefika kisiwani mwaka 1817 kutunza bustani ya miti, alipeleka mbegu zake Ufaransa. Hivyo ukoo wa Bourbon ulizaliwa katika bahari yetu hii ya Hindi.

Mmoja wa wazao wake ni Zéphirine Drouhin, uliotolewa Ufaransa mwaka 1868. Ni mwaridi wa kutambaa, hufika futi 10 au 12. Ua lake ni la waridi iliyokoza, lenye harufu nzuri, na matawi yake karibu hayana miiba. Basi hufaa mlangoni wapitapo watoto. Kasoro yake ni kwamba hushikwa upesi na koga na madoa meusi.

Madoa hayo huletwa na kuvu. Ili iingie ndani ya jani, hapana budi jani likae na maji muda wa saa saba hivi. Anayemwagia majani maji jioni huyaacha yamelowa usiku kucha, naye huulaumu mti. Kwa hiyo mwagia asubuhi, tena shinani tu. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya ukuta na fito, upepo upite. Na majani yenye madoa yaokotwe yakachomwe.

Udongo wenye mchanga mwingi haushiki maji. Chimba shimo la futi mbili, changanya samadi iliyooza, kisha funika udongo kwa nyasi kavu. Mche ukiisha kushika, maji mengi mara mbili au tatu kwa juma huivuta mizizi chini. Maji machache ya kila siku hulowesha juu tu, na ndoo zapotea bure.

Matawi nayo yana adabu yake. Tawi likisimama wima, chipukizi la nchani huyazuia ya chini yasiamke, na maua huonekana juu ya paa peke yake. Ukililaza na kulifunga juu ya fito, machipukizi ya ubavuni huamka pamoja, na kila moja huweza kutoa maua. Ua likinyauka likate, kwa maana mti unaolea mbegu hupunguza kuchanua.

Mwenye uwanja uliobanwa na nyumba pande zote, usiopata upepo, asipande Zéphirine Drouhin, masika yatamshinda. Atafute mwaridi wa China uitwao Old Blush, ambao ndio mmoja wa wazazi wa ukoo huu. Hautambai sana, bali huvumilia joto, na huchanua mara nyingi mwakani. Katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa ndoo, ni heri mwaridi mmoja uliochaguliwa kwa kufaa mahali pake kuliko mitano iliyopandwa kwa tamaa ya macho.