Kuku wageni bandani: Kwa nini hudonolewa, na namna ya kuwaingiza

TABORA

MFUGAJI wa Gongoni, katika Manispaa ya Tabora, anaponunua kuku kumi wa umri wa mwezi mmoja na kuwafungulia jioni hiyo hiyo uani pamoja na kuku wake wa zamani, huyaweka hatarini makundi yote mawili. Asubuhi anaweza kuwakuta wageni wamedonolewa vichwa hadi kutoka damu. Hasara iliyo kubwa zaidi huja siku kadhaa baadaye, pale wenyeji nao wanapoanza kuzubaa na kuharisha kijani.

Jambo hili halikuwasumbua sana wazee. Kuku wa kienyeji hutamia, huangua, kisha huzunguka na vifaranga wake kila pembe ya ua. Kuku mwingine akiwasogelea, mama hutanua mbawa na kumfukuza. Vifaranga hao hukua ndani ya kundi na kujipatia nafasi yao taratibu. Machotara wanaouzwa mijini siku hizi, wakiwamo Kuroiler na Sasso, huanguliwa kwa mashine na kukuzwa kwa joto la taa au jiko la mkaa. Wanafika uani bila wa kuwatetea.

Kuku wana daraja zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza kwamba katika kila kundi yupo anayewadonoa wote, na yupo wa mwisho anayedonolewa na wote. Mgeni akiingia, mpangilio huo huvurugika na kila mmoja hulazimika kuitetea nafasi yake. Tabora ni nyumbani kwa Singamagazi, kuku wa kienyeji mwenye umbo kubwa, na katika nyua nyingi za kanda hii yupo pia Kuchi, mrefu na mgomvi kwa tabia. Kifaranga wa mwezi mmoja hana ubavu mbele yao.

Ndiyo maana ni vyema kusubiri hadi wageni wafikie wiki 12 hadi 16 na kukaribia kimo cha wenyeji, yaani wawe mapora na matembe. (Tembe ni kuku jike ambaye hajaanza kutaga, isichanganywe na tembe, nyumba ya Unyamwezi.)

Hata hivyo, ugonjwa huua wengi kuliko midomo. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huweza kukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kuonekana. Wageni wanapaswa kutengwa kwa wiki mbili hadi nne, mbali na banda la zamani, wakiwa na vyombo vyao, na mhudumu aanze kuwahudumia wenyeji kabla ya kwenda kwao. Hatari hutoka pia upande wa pili: kuku mkubwa aliyepona mafua makali huendelea kubeba vimelea akiwa anaonekana mzima.

Chanjo ya kideri aina ya I-2, inayotengenezwa nchini, hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida na hutolewa kwa tone moja katika jicho moja, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Makundi yote mawili yachanjwe angalau wiki mbili kabla ya kukutana, kwa kuwa kinga haijengeki kwa siku moja. Kuku aliyekwisha kuambukizwa haponi kwa chanjo.

Baada ya karantini, wageni huwekwa nyuma ya wavu ndani ya ua ule ule kwa wiki moja au mbili, waonane bila kugusana. Kisha waingizwe wote kwa pamoja, kamwe si mmoja mmoja, ikiwezekana usiku wenyeji wakiwa wamelala. Siku inayofuata mfugaji awe karibu. Vyombo vya chakula na maji viongezwe na kutawanywa, na pawepo matete au mbao za kujificha nyuma yake. Kufukuzana na kudonoana kidogo si jambo la kuingilia. Damu ikionekana, aliyejeruhiwa aondolewe mara moja, kwani rangi nyekundu huwavuta wengine waendelee kumdonoa.

Limebaki suala la chakula, ambalo husahauliwa. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi inayoweza kudhuru figo za kuku wanaokua. Kundi likichanganyika, wote walishwe chakula cha kukuzia, na wanaotaga wawekewe chokaa katika chombo cha pembeni, hadi matembe watakapoanza kutaga.