Pikapu Yako Ina Giaboksi Gani?

Ndugu msomaji, wewe ukaaye Mtowisa waijua safari ya spea. Ziwa Rukwa liko kwenye kimo cha mita 800 hivi juu ya bahari, na mji wa Sumbawanga umelizidi kwa mita 900 hivi. Pikapu ya zamani inayoupanda na kuushuka mlima huo na magunia ya mpunga haikosi kuchoka gia. Siku zianzapo kukwaruza, mwenye gari humtuma mtu mjini na neno moja tu: "Niletee beringi za giaboksi ya Hilux." Muuzaji hutoa beringi za Hilux. Zikifika nyumbani, haziingii. Fedha ya ada ya watoto imekwenda, nauli imekwenda, na mpunga bado uko ghalani.

Muuzaji hana kosa. Jina la gari silo jina la giaboksi, maana Hilux zimetoka kiwandani na giaboksi za namna nyingi. Basi, kabla ya kutoa fedha, uwaulize mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni bamba. Fungua boneti, ufute vumbi kwenye ukuta ulio nyuma ya injini, utaona bamba dogo la chuma. Katika Toyota nyingi bamba hilo lina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Neno la kwanza la mstari huo ni giaboksi, na linalofuata ni difu. Ukisoma G52 au W56, ile tarakimu 5 ya mwanzo yasema gia tano za mbele. Ukisoma L43 au H42, ni gia nne. R151F nayo ina gia tano. Herufi F ya mwisho yaonyesha gari livutalo kwa magurudumu yote manne. Lakini ukiambiwa 2L au 3L, hayo ni majina ya injini.

Shahidi wa pili ni kijiti cha gia. Zima injini, kanyaga klachi, uzihesabu gia moja moja, kisha uangalie rivasi iko wapi. Usiusadiki mchoro wa juu ya kijiti, maana kichwa hicho huchomolewa na kuwekwa kingine. Tazama Land Rover 110, iliyoanza mwaka 1983. Zile za silinda nne zilikuwa na giaboksi ya LT77, ambayo rivasi yake iko kushoto, mbele. Mwaka 1994 ikaja R380, na rivasi yake iko kulia, nyuma. Jambo hili lahusu hata mafuta: LT77 hutaka mafuta mepesi ya gia za otomatiki. Ukiimiminia mafuta mazito ya Land Rover za kale, gia zitakuwa ngumu kuingia, hasa katika baridi ya asubuhi kule Ufipa.

Shahidi wa tatu ni giaboksi yenyewe. Bamba laeleza jinsi gari lilivyotoka kiwandani tu. Pikapu ya miaka thelathini imepita mikononi mwa mafundi wengi, na huenda giaboksi ya kwanza iliondolewa zamani. Zuia magurudumu kwa mawe, wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Osha matope, unakili kila herufi na namba iliyo kwenye chuma. Mashahidi wakipingana, usadiki giaboksi.

Hayo yote yaandike kwenye karatasi, au uyapige picha kwa simu, umpe msafiri. Ikiwezekana achukue na kile kifaa kibovu, akilinganishe dukani kabla ya kulipa. Kama ni sahani ya klachi, ahesabu meno ya tundu la katikati.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye pikapu naye awe na daftari lake. Kuandika jina la giaboksi ni kazi ya dakika chache. Kurudi Sumbawanga mara ya pili ni kazi ya siku, na nauli hairudi.