"Ngoja Mechi Iishe": Muulize ni Mechi Gani

Kuna ugomvi mmoja unaozizonga nyumba nyingi za hapa Pwani jioni. Magharibi imeadhiniwa, mtoto ameinamia simu, mamake anaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jibu ni lile lile: "Ngoja mechi iishe." Mwisho simu inanyakuliwa, mtoto ananuna, na chakula cha usiku kinaliwa kimya kimya.

Mimi hucheza Call of Duty: Mobile pamoja na wapwa zangu, kwa hivyo wazazi huniuliza: hiyo mechi yao huisha lini? Jibu langu ni kwamba inategemea wanacheza modi gani.

Modi ni kanuni za mechi. Chukua mfano wa karata. Karata ni zile zile, lakini anayecheza wahedi wasitini na anayecheza poka hawachezi mchezo mmoja. Gemu hili, lililotoka Oktoba 2019, liko hivyo hivyo. Bunduki ni zile zile na viwanja vingi ni vile vile, lakini namna ya kushinda hubadilika, na muda hubadilika pia.

Modi rahisi kuielewa ni Team Deathmatch. Timu mbili za watu 5 hupigana, na kila adui anayeangushwa ni pointi. Ukiuawa, unarudi uwanjani baada ya sekunde chache. Timu inayofikia idadi iliyowekwa kwanza ndiyo inayoshinda. Mechi kama hii huchukua dakika chache tu.

Domination ni habari nyingine. Uwanjani kuna vituo vitatu, A, B na C. Timu hupata pointi kwa kushikilia vituo, si kwa kuua. Ndiyo maana kijana anaweza kuangusha maadui wengi kuliko wote na timu yake bado ikashindwa, kwa sababu alikuwa akiwinda na hakuna aliyelinda kituo. Hardpoint inafanana na hiyo, ila eneo la kushikilia ni moja, nalo huhama kila baada ya muda. Wakiingia wa timu zote mbili, hakuna anayehesabiwa pointi mpaka upande mmoja uondolewe.

Modi inayowafanya vijana washike pumzi ni Search & Destroy. Timu moja hujaribu kutega bomu katika mojawapo ya sehemu mbili, na nyingine huzuia au hulitegua. Hapa ukiuawa hurudi tena mpaka raundi iishe. Unabaki kutazama wenzako wakimaliza kazi. Baada ya raundi kadhaa timu hubadilishana majukumu. Mechi yake inaweza kuwa fupi upande mmoja ukizidiwa, au ikavutana mpaka raundi ya mwisho.

Halafu kuna Battle Royale. Watu hadi 100 huruka kutoka kwenye ndege, hutua kwenye kisiwa kikubwa wakiwa hawana silaha, huzitafuta majumbani, na eneo salama huendelea kupungua mpaka abaki mshindi mmoja au kikosi kimoja. Hii ndiyo ndefu kuliko zote nilizotaja. Anayefika mwisho anaweza kutumia dakika 20 na zaidi.

Sasa, kwa nini mtoto hawezi kusimamisha tu akaenda kuswali kisha akarudi? Kwa sababu anacheza na watu walio hai, kila mmoja kwa simu yake, na mechi haimsubiri mtu. Akiondoka, timu yake inabaki pungufu mbele ya watano. Katika mechi za kupanda daraja hupoteza pointi, na anayeondoka mara kwa mara huweza kufungiwa kucheza kwa muda. Kwa hivyo anaposema hawezi kuacha katikati, mara nyingi anasema kweli.

Lakini vijana, nanyi msijifiche nyuma ya ukweli huo. Mechi haisimami, sawa, ila ni wewe uliyeianzisha. Anayeingia Battle Royale dakika 10 kabla ya adhana amekwishachagua kuchelewa. Uamuzi hufanyika pale anapochagua modi na kubonyeza kitufe cha kuanza. Baada ya hapo ni lawama tu.

Hapo ndipo mzazi anapopata nafasi. Badala ya kupambana na mtoto katikati ya mechi, patana naye kabla. Ukibaki muda mfupi kabla ya swala au chuo, ni Team Deathmatch moja, kisha simu inawekwa chini. Battle Royale iwe ya Jumamosi baada ya kazi za nyumbani. Siku akisema "ngoja mechi iishe", muulize ni modi gani na imebaki nini. Akijua kwamba unaelewa jibu, hatakudanganya kirahisi.

Kujua modi hakumaanishi kila mtoto acheze. Nchini Marekani gemu hili limewekewa alama ya miaka 17 kwenda juu, na mtoto wa darasa la nne hana shughuli nalo. Hata kwa wakubwa, angalia mambo mawili: mazungumzo ya sauti na watu wasiowajua, ambayo yanaweza kuzimwa, na mapambo ya bunduki yanayouzwa kwa pesa halisi. Nambari ya siri ya M-Pesa ibaki kichwani mwako.

Nimeona kwa wapwa zangu kwamba kijana aliyekubaliana na mamake mapema huweka simu chini bila kuitwa mara ya tatu. Anaweza hata kuwaambia wenzake wa timu, "Hii ndiyo ya mwisho, naenda kuswali." Wachezaji wazuri huielewa kauli hiyo, maana wengi wao pia wana mama anayewaita.