Bunduki ya Kulinda Shamba: Ruhusa, Mafunzo na Vyombo Vyake



Ni uchungu mkubwa kuamka alfajiri na kukuta muhogo uliousubiri mwaka mzima umefukuliwa, na mahindi yaliyoanza kubeba yamelazwa chini kama mikeka. Ndipo mtu husema, "Sina budi kupata bunduki." Neno hilo si baya. Lakini bunduki ni mtumishi asiye na macho. Hupiga popote ilipoelekezwa, wala haichagui kati ya nguruwe na mtoto. Karatasi hii yakueleza mambo hayo kwa taratibu: kwanza kama bunduki yakufaa, kisha namna ya kupata ruhusa, kisha mafunzo, na mwisho kuichagua, kuitunza, na wajibu wako baada ya kupiga.

1. JE, BUNDUKI YAKUFAA?

Mjue kwanza mwizi wako. Tazama nyayo, tazama namna alivyokula, tena uliza majirani zako amekuja saa ngapi.

Nguruwe mwitu huja usiku, nao huja kwa kundi. Hufukua muhogo na viazi, na huangusha mabua ya mahindi. Ngiri ni mwingine, naye hutembea mchana. Nyani na tumbili huja mchana pia, na nyani huweza kumaliza pembe nzima ya shamba wakati wewe umekwenda kunywa uji. Tembo, kiboko na nyati ni habari nyingine kabisa. Bunduki ndogo ya mkulima haiwawezi, ila itawajeruhi tu, na mnyama mkubwa aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Ukiwaona hao, mpelekee habari Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili askari wa wanyamapori waitwe.

Kisha jiulize, Je, nimekwisha kufanya yale yasiyohitaji bunduki? Lima pamoja na jirani zako katika eneo moja, maana shamba lililo peke yake porini ni karamu iliyoandaliwa. Fyeka vichaka vinavyopakana na shamba, kwa kuwa mnyama hapendi kuvuka mahali peupe. Jenga dungu, na mgawane zamu za ulindo. Weka boma la miiba au chimba handaki upande wanaopitia nguruwe. Kwa tembo, wakulima wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki wametumia kamba zilizopakwa pilipili na grisi, na huko Taita Taveta katika Kenya wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa maana tembo huogopa nyuki.

Bunduki moja hulinda upande mmoja tu wa shamba, tena wakati mwenyewe yu macho. Ikiwa hayo yote umeyafanya, na hasara ingali kubwa, basi soma mbele.

2. KUPATA RUHUSA

Katika Tanzania mambo haya yaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya 1991. Maana yake kwa mkulima ni hii: usinunue bunduki kwanza, ukatafute ruhusa baadaye. Ruhusa hutangulia.

Anza nyumbani. Peleka maombi yako kwa serikali ya kijiji, ueleze shamba lako liko wapi, ukubwa wake, na hasara uliyoipata. Viongozi wa kijiji wakujua. Wajua kama wewe ni mlevi, kama wapigana na mkeo, kama una ugomvi wa mipaka na jirani. Usiwakasirikie wakikuuliza mambo hayo, maana ndiyo kazi yao. Kutoka hapo maombi hupanda hata kufika wilayani na kwa polisi. Enenda mwenyewe kituo cha polisi cha wilaya, uulize masharti na ada, uyaandike, na kila ulipapo fedha upewe stakabadhi. Mtu akikuambia ana njia ya mkato, jua kwamba anakuuzia kifungo.

Ruhusa ikitoka, yasome maneno yake. Hutolewa kwa mtu mmoja na kwa bunduki moja yenye namba yake. Kwa hiyo:

(a) Usimwazime mtu, hata ndugu yako wa tumbo moja.
(b) Ihuishe ruhusa kwa wakati wake, usingoje kukumbushwa.
(c) Bunduki ikipotea au ikiibwa, toa habari polisi siku ile ile. Ukinyamaza, na ikatumiwa kwa unyang'anyi, wa kwanza kuulizwa ni wewe.
(d) Mwenyewe akifa, bunduki hairithiwi kama jembe. Warithi waipeleke polisi, na yule anayeitaka aombe ruhusa kwa jina lake.

Hapa nataka kusema nawe wewe uliye na gobori la marehemu baba yako, lililofichwa darini bila karatasi. Najua hukuliiba, tena najua ni ukumbusho. Lakini kwa sheria ni silaha isiyo halali. Mwaka 2017 nchi za Umoja wa Afrika ziliafikiana kuufanya mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha za namna hii, na mwaka 2020 azimio hilo liliongezwa hata 2030. Sikiliza matangazo ya polisi, na siku za msamaha zikitangazwa, lipeleke.

3. KUJIFUNZA

Katika kijiji kimoja nilichofanya kazi, alikuwako mkulima hodari aliyesumbuliwa sana na nguruwe. Mimi ndiye niliyemshauri aombe bunduki. Alifuata sheria yote, akapewa ruhusa, akanunua bunduki nzuri. Usiku mmoja alisikia mahindi yakitikisika, akaona kitu cheusi, akapiga. Alikuwa ni mtoto wa nduguye, amemletea chakula dunguni. Mtoto hakuona jua la asubuhi. Juma lililofuata nguruwe wakaja, wakala shamba lote, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye moyo wa kwenda kulilinda.

Karatasi za mtu yule zote zilikuwa sawa. Kilichopungua ni mafunzo, na mimi niliyemshauri apate bunduki sikumshauri ajifunze. Ndiyo sababu nakusihi: usiichukue shambani kabla hujafundishwa na mtu mwenye ujuzi aliyeruhusiwa kufundisha. Waulize polisi mahali pa kujifunzia. Jifunze kwanza kuifungua, kuitia risasi na kuitoa, mara nyingi, mpaka mikono iweze bila ya kuhangaika. Ndipo ujifunze kupiga shabaha.

Na haya uyashike moyoni:

Kwanza. Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, mpaka wewe mwenyewe umeifungua na kutazama ndani. Neno la mwenzako, "Ni tupu," lisikutoshe.

Pili. Usimwelekezee mtu mdomo wa mtutu kamwe, hata kwa mzaha.

Tatu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha kulenga na kuamua.

Nne. Usipige sauti, usipige kivuli, usipige majani yanayotikisika. Piga mnyama uliyemwona mwili na kichwa, ukamtambua. Kama huna mwanga wa kutosha kumtambua, usipige. Heri nguruwe ale kikapu cha muhogo.

Tano. Tazama nyuma ya mnyama. Risasi ikimkosa yaendelea na safari yake. Marisau makubwa yaweza kufika yadi 700, na risasi ya raifo hupita maili moja. Kama nyuma yake kuna njia, kisima au nyumba, usipige. Kupiga kutoka dunguni kuelekea chini ni salama zaidi, maana ardhi huipokea risasi.

Sita. Kabla ya kuruka mtaro, kupita ua au kupanda dunguni, toa risasi kwanza.

Saba. Ukifyatua na bunduki isilie, usiifungue mara moja. Ielekeze mahali salama, uhesabu pole pole hata 60, kwa maana baruti huweza kuchelewa kushika moto.

Na watu wa nyumbani mwako wajue desturi ya ulindo. Mtu yeyote anayekuja shambani usiku aje na taa, aje kwa njia moja iliyokubaliwa, na aite kwa sauti kabla ya kukaribia. Kama desturi hii ingalikuwako katika kijiji kile, mtoto yule leo angekuwa mtu mzima.

4. KUCHAGUA BUNDUKI NA RISASI

Gobori hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, kwa baruti nyeusi. Magobori mengi hutengenezwa kwa vipande vya bomba la maji. Chuma hicho hakikufanywa kwa kazi hiyo, nacho hupasuka usoni mwa mpigaji. Usinunue gobori la namna hiyo, wala usikubali kutengenezewa, maana hata kulitengeneza bila kibali ni kosa. Tena usitie kamwe baruti isiyotoa moshi ndani ya gobori, maana nguvu yake ni kubwa mno.

Raifo hupiga mbali sana. Kwa mashamba yaliyo karibu na nyumba za watu, haifai.

Bunduki ya marisau ndiyo ifaayo zaidi kwa mkulima. Marisau hutawanyika, na kupita hatua 40 nguvu zao hazitoshi kumwua nguruwe upesi. Kwa hiyo mngoje akaribie. Iliyo ya kawaida ni namba 12. Maana ya namba hiyo ni kwamba risasi za mviringo 12, kila moja ikienea mtutu sawasawa, zina uzito wa ratili moja. Kwa hesabu hiyo namba 20 ni mtutu mwembamba kuliko namba 12, ingawa namba yake ni kubwa.

Angalia sana hapa. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12, huteleza ndani ya mtutu na kukwama mbele. Mtu akidhani bunduki ni tupu, akatia ya namba 12 nyuma yake na kupiga, mtutu hupasuka na kumkata mkono. Usiweke namba mbili katika mfuko mmoja. Tena urefu wa risasi usizidi urefu ulioandikwa juu ya mtutu wako. Risasi ndefu huweza kuingia, lakini haina nafasi ya kufunguka, na nguvu ya baruti huzidi kipimo.

Vyombo vingine ni vichache: mdeki na vitambaa safi vya kusafishia, mafuta mepesi ya bunduki, mfuko wa kuifunika, kurunzi yenye mwanga mkubwa, na sanduku la chuma lenye kufuli. Sanduku ulinunue kabla ya bunduki.

5. KUITUNZA

Adui wa bunduki ni kutu, hasa masika na katika nchi za pwani. Kila utakapoitumia, au ikinyeshewa, isafishe siku ile ile: toa risasi, pitisha kitambaa kikavu, kisha chenye mafuta. Baruti nyeusi huacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Mwenye gobori lenye ruhusa alioshe mtutu kwa maji ya moto, aukaushe kabisa, ndipo apake mafuta. Kabla ya kupiga, tazama ndani ya mtutu. Tope kidogo au kiota cha dudu chatosha kuupasua.

Bunduki ikae tupu ndani ya sanduku lililofungwa, na risasi zikae mahali pengine pakavu penye kufuli yake. Usiitie darini wala uvunguni, ukidhani watoto hawajui. Hakuna mahali ndani ya nyumba wasipopajua watoto. Ufunguo uwe nawe. Na siku unayokunywa pombe, bunduki isitoke sandukuni.

6. BAADA YA KUPIGA

Ruhusa ya bunduki si ruhusa ya kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yamwachia mtu kumwua mnyama pale tu inapokuwa lazima kwa kulinda uhai au mali yake. Basi ukiua, peleka habari upesi kwa ofisi ya kijiji na kwa Afisa Wanyamapori. Mnyama aliyeuawa hivyo ni mali ya Serikali. Usiuze nyama, usifiche ngozi wala meno. Ukimjeruhi naye akakimbilia kichakani, usimfuate usiku. Watahadharishe jirani, ukangoje mchana na msaada.

Ikiwa walioharibu shamba ni tembo, kiboko au nyati, zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho. Fedha zake hazilingani na hasara, lakini hazipatikani kabisa kwa mtu asiyetoa habari. Usifute nyayo, usilime tena pale mpaka wenye kazi hiyo wamekuja kupima.

KUMBUKA

Zuia kwanza kwa boma, dungu na zamu. Pata ruhusa kabla ya bunduki. Nunua sanduku kabla ya risasi. Jifunze kabla ya kwenda shambani. Na usiku ule utakaposikia mahindi yakitikisika, na moyo ukikuambia, "Piga!", ita kwanza kwa sauti kuu. Nguruwe akikimbia, shamba limepona. Mtu akiitikia, utamshukuru Mungu siku zako zote.