Kimeta na Mkataba Usio na Wakaguzi

Ng'ombe akianguka ghafla malishoni Sigino, karibu na Babati, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, afisa mifugo mwenye hadhari hathubutu kumpasua, bali huchukua damu kidogo sikioni kwa ajili ya maabara, kisha huamuru mzoga uteketezwe au uzikwe ndani sana, kwa kuwa vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujivika ganda gumu na kuweza kudumu udongoni makumi ya miaka. Maradhi haya si mageni kaskazini mwa nchi yetu, Tanzania. Mwaka 1984 yaliwafyeka swala pala katika Hifadhi ya Ziwa Manyara.

Uhai huo mrefu ndio uliowatamanisha wakuu wa majeshi kuvifanya vijidudu hivyo silaha. Mkataba wa kuharamisha silaha za vijidudu ulifunguliwa kwa saini tarehe 10 Aprili 1972, ukaanza kutumika mwaka 1975. Tanzania ilitia saini mwaka ule ule wa 1972, ila haikuuridhia hadi 2019, ilhali Kenya ilikuwa imekwisha kujiunga tangu 1976. Mkataba huu hautazami jina la kijidudu, bali kiasi chake na dhamira ya mwenye kukikuza, nao haungeweza kufanya vinginevyo, maana kiwanda cha Kibaha, chenye kazi njema ya kuwatengenezea wafugaji wetu chanjo ya kimeta, nacho hukuza vijidudu hivyo hivyo, vikiwa vimedhoofishwa.

Lakini nani atakayeikagua dhamira? Aprili 1979, katika mji wa Sverdlovsk, watu wasiopungua 66 walikufa kwa kimeta, na serikali ya Kisovieti, ambayo ilikuwa miongoni mwa wadhamini watatu wa mkataba wenyewe, ikadai kwamba walikula nyama ya mizoga. Kauli hiyo ilisadikika kwa wengi, kwa sababu kila mfugaji wa huku kwetu anajua kwamba nyama kama hiyo huua kweli. Ni mwaka 1992 tu ndipo Rais Yeltsin wa Urusi alipokiri kuwa chanzo kilikuwa shughuli za jeshi. Uongo ule ulijificha nyuma ya ukweli wa kawaida kabisa, na kwa miaka 13 mkataba haukuwa na mkaguzi hata mmoja wa kuufichua.

Mazungumzo ya kuleta ukaguzi yalivunjika Geneva mwaka 2001, Marekani ilipoyakataa. Miezi michache baadaye barua zenye kimeta ziliwaua watu watano nchini humo, na hofu ikafika hata Nairobi, ambako barua iliyotangazwa kuwa na vijidudu hivyo ilionekana baadaye kuwa salama.

Kilichosalia ni taarifa ambazo mataifa yalikubaliana, mwaka 1986, kupelekeana kila mwaka kuhusu maabara zao, na tangu 1991 pia kuhusu viwanda vya chanjo za binadamu, lakini mataifa mengi bado huzipuuza. Nchi yetu, iliyochelewa miaka 47 kuridhia, ingefanya jambo la heshima kuandika yake kila mwaka bila kukosa, na kuitaja hata Kibaha humo waziwazi.